Orodha ya Kungojea Nyumba: Nafasi ya Mtu na Namna ya Kuilinda

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila chama kina orodha ya namna yake. Iko orodha ya wanaongojea mbolea, iko orodha ya walioomba mkopo, na katika vyama vya nyumba iko orodha ya wanaongojea kiwanja au chumba. Kwa anayeitunza, orodha ni karatasi yenye majina na namba. Kwa yule ambaye jina lake limeandikwa humo, orodha ni tumaini la miaka mingi. Jina hilo likifutwa bila mwenyewe kujua, mtu huyo amepoteza muda ambao hakuna mkutano mkuu unaoweza kumrudishia.

Ili jambo hili lieleweke vyema, yafaa kutazama nchi moja ambamo orodha za nyumba zimekuwa ndefu mno na kanuni zake zimeandikwa kwa urefu, yaani Marekani. Nchi hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba wasemaji wengi wa Kiswahili wamehamia huko. Katika mwaka wa serikali yao wa 2023 peke yake, wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walipokewa Marekani, kabla mpango wa kupokea wakimbizi haujasimamishwa Januari 2025. Baadhi ya waliopelekwa huko katika miaka iliyopita walitoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Watu hao wana ndugu na jirani huku, na swali la pango la nyumba huvuka bahari pamoja na salamu. Sababu ya pili ni kwamba huko pia wapo wanaushirika waliojenga nyumba zao wenyewe, na orodha zao zina mafunzo kwa kila chama.

ASILI YA MSAADA

Nchini Tanzania, serikali iliingia katika kazi ya nyumba kwa kuunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962. Mwaka 1971 sheria iliyatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika. Njia iliyofuatwa hapa ilikuwa serikali kuwa mwenye nyumba.

Marekani ilianza kwa njia hiyo hiyo. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1937, iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt, iliwezesha kila mji au wilaya kuwa na mamlaka yake ya nyumba, ikijenga na kupangisha kwa fedha ya serikali kuu. Miaka ilipopita, gharama za kuendesha nyumba hizo zilipanda, na kodi ikapanda nazo hata maskini waliokusudiwa wakashindwa kuilipa. Mwaka 1969, kwa juhudi ya Seneta Edward Brooke wa Massachusetts, sheria iliweka mpaka: mpangaji wa nyumba ya serikali asitozwe zaidi ya robo ya pato lake. Mwaka 1981 mpaka huo ulisogezwa hadi asilimia 30, na hapo ndipo ulipobaki.

Njia ya pili ilifunguliwa mwaka 1974, wakati wa Rais Gerald Ford, kwa kifungu ambacho hadi leo watu hukiita Kifungu cha 8. Katika njia hii serikali haijengi. Mpangaji hupewa vocha, hutafuta nyumba kwa mtu binafsi, naye hulipa sehemu ya kodi na mamlaka ya nyumba humlipa mwenye nyumba sehemu iliyobaki. Leo familia zipatazo 2,300,000 huishi kwa vocha hizo, na nyumba zenyewe za serikali hazifiki milioni moja.

Hata hivyo, inafaa ifahamike wazi kwamba msaada huu si haki ya kila anayestahili. Bunge hutenga fedha, na fedha ikiisha msaada umeisha. Katika kila familia nne zenye sifa ya kusaidiwa, ni moja tu ipatayo. Tatu zilizobaki ama zimo katika orodha, ama zinangoja orodha ifunguliwe. Ndiyo maana katika nchi tajiri kama ile swali la maskini huwa ni lipi jina litakalotangulia.

NANI ANASTAHILI NA ANALIPA NINI

Kipimo cha kwanza ni pato. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji hukadiria kila mwaka pato la kati la kila eneo. Kwa kawaida anayeomba vocha asiwe na pato linalozidi nusu ya pato hilo la kati, na anayeomba nyumba ya serikali asizidi asilimia 80. Tangu sheria ya mwaka 1998, katika kila vocha nne mpya tatu hazina budi kwenda kwa maskini wa chini kabisa, ambao kipimo chao cha kawaida ni asilimia 30 ya pato la kati. Kwa hiyo mwombaji anaweza kuwa na sifa na bado akapitwa na aliye na hali mbaya zaidi. Jambo hilo si upendeleo. Ndivyo kanuni ilivyoandikwa.

Kipimo cha pili ni hali ya ukaazi. Kifungu cha 214 cha sheria ya nyumba ya mwaka 1980 kinawataja raia na aina fulani za wageni waliopokewa kisheria, wakiwamo wakimbizi na wenye ukaazi wa kudumu. Kanuni za namna hii hubadilika, na mwombaji asitegemee habari za mtaani. Aulize ofisini kwenyewe.

Hesabu ya malipo ni rahisi kwa katibu aliyezoea vitabu. Kwanza hupunguzwa katika pato vitu vilivyoruhusiwa, kama kiasi fulani kwa kila mtoto, gharama za kulea watoto wakati mzazi yuko kazini, na matibabu ya wazee au walemavu. Kinachobaki huitwa pato lililorekebishwa, na asilimia 30 ya pato hilo ndiyo sehemu ya familia. Tuseme pato hilo ni dola 1,500 kwa mwezi. Sehemu ya familia ni dola 450. Kama kiwango cha pango kilichowekwa na mamlaka ni dola 1,400, na kodi pamoja na maji na umeme ni dola 1,400, basi mamlaka italipa dola 950.

Familia ikipenda nyumba ya dola 1,500, mamlaka haitaongeza kitu, na familia italipa dola 550. Ikipenda nyumba ya dola 1,600, ingepaswa kulipa 650, na hapo ombi litakataliwa. Sababu ni kwamba mwanzoni mwa upangaji, nyumba inapopita kiwango, sehemu ya familia haitakiwi kuzidi asilimia 40 ya pato lililorekebishwa, yaani dola 600 katika mfano huu. Mwombaji asiyeijua hesabu hii huweza kupoteza wiki nzima akifuatilia nyumba ambayo hawezi kuruhusiwa kuipanga.

NAMNA YA KUOMBA

Hakuna ofisi moja ya nchi nzima inayopokea maombi. Ziko mamlaka za nyumba zaidi ya 3,000, na kila moja ina orodha yake, fomu yake na siku zake za kuifungua. Tena, orodha ya nyumba za serikali ni tofauti na orodha ya vocha, hata katika ofisi moja. Kwa hiyo aliyejiandikisha katika orodha moja asidhani kwamba ameandikwa katika zote. Inaruhusiwa kuomba katika miji kadhaa kwa pamoja, na mwenye busara hufanya hivyo. Mamlaka haiwezi kumkatalia mtu kwa sababu tu hakai mjini hapo, ingawa inaweza kuwatanguliza wakazi wake.

Orodha nyingi hufungwa kwa miaka. Mfano mkubwa ni mji wa New York, ambako orodha ya vocha ya mamlaka ya nyumba ya mji ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2009 na haikufunguliwa mpaka Juni 2024, tena kwa wiki moja tu. Maombi yaliyopokewa yalizidi 600,000. Nafasi za orodha zilikuwa 200,000, nazo ziligawanywa kwa bahati nasibu. Takriban watu wawili katika kila watatu waliondoka bila namba, na aliyepata namba bado alikuwa hajapata vocha wala nyumba. Hapo ndipo ionekanapo kwamba aliyekosa habari kwa wiki moja alikosa mlango uliokuwa umefungwa miaka kumi na minne.

Kuomba hakulipiwi. Mtu yeyote anayedai ada ili amwandikishe mwombaji katika orodha ya serikali, au amsogeze mbele, ni mlaghai. Wageni wasiojua lugha ndio wanaonaswa kwa urahisi, na wenzao waliotangulia wana wajibu wa kuwaonya.

Fomu hutaka majina ya wote watakaoishi katika nyumba, tarehe zao za kuzaliwa, pato la kila mmoja na anwani. Baadaye, jina linapofikiwa, huhitajika vyeti vya kuzaliwa, hati za ukaazi na uthibitisho wa mshahara. Hapa makatibu wa vyama huku nyumbani wanaweza kuombwa msaada, maana mtu aliyekimbia vita huenda hana karatasi na humwandikia ndugu amtafutie. Katibu anaruhusiwa kueleza anachokijua kwa hakika kutoka katika daftari la chama. Haruhusiwi kubuni umri, kuongeza mtoto, wala kuandika jina kwa namna itakayompendeza mwombaji. Jina likiandikwa Asha katika cheti kimoja na Aisha katika kingine, dawa yake ni kueleza tofauti hiyo kwa maandishi, wala si kutengeneza cheti cha tatu. Uongo ukigunduliwa, familia huweza kuondolewa katika mpango na kudaiwa fedha zote ilizolipiwa. Katibu aliyedhani anatenda wema atakuwa ameivunja nyumba ya mwenzake.

KUNGOJA, NA MAHALI AMBAPO WATU HUPOTEA

Wahenga walisema subira yavuta heri. Katika jambo hili hapana budi kuongeza kwamba subira ya kulala usingizi haivuti kitu. Wengi hupoteza nafasi zao katika orodha kwa sababu ndogo kabisa: barua ilitumwa, nao walikuwa wamehama.

Mamlaka za nyumba husafisha orodha zao kila baada ya muda. Barua au ujumbe hutumwa kwa kila aliyeandikwa, ukiuliza kama bado anahitaji nyumba, na kumwekea siku ya mwisho ya kujibu. Asiyejibu hufutwa. Maskini ndiye anayehama mara kwa mara, kwa sababu kodi imemshinda au anakaa kwa jamaa. Basi anayeihitaji nyumba zaidi ndiye ambaye barua haimpati. Kanuni inaokoa baadhi yao: kama mtu alishindwa kujibu kwa sababu ya ulemavu wake, mamlaka inapaswa kumrudisha mahali pake. Lakini aliyehama tu, bila kuarifu, hana kinga hiyo, na huweza kuambiwa aanze upya siku orodha itakapofunguliwa.

Kwa ajili hiyo mwombaji ana mambo manne ya kushika. Kwanza, ahifadhi namba yake ya ombi na nakala ya kila karatasi. Pili, kila anapohama aarifu kila ofisi aliyoomba, kwa maandishi, siku hizo hizo. Tatu, kama makazi yake hayatulii, atumie anwani ya mtu anayeaminika au sanduku la posta ambalo halitabadilika. Nne, atangaze mabadiliko ya familia: mtoto amezaliwa, mume amefariki, kazi imekwisha. Mabadiliko hayo huweza kumpa kipaumbele alichokuwa hana.

Maana orodha haifuati tarehe peke yake. Tangu mwaka 1998 kila mamlaka huchagua vipaumbele vyake na kuviandika katika mpango wake, ambao mtu yeyote anaweza kuomba kuuona. Mahali pengi hutangulizwa wasio na makazi, waliokimbia mateso ya nyumbani, wazee, walemavu, askari wastaafu, au wakazi wa mji huo. Mtu mwenye sifa ya kipaumbele asipoitaja, ofisi haitaiota ndotoni.

Jina likikataliwa au kufutwa, mwombaji apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kuomba uamuzi utazamwe tena. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi na huandikwa katika barua yenyewe. Barua ya kukataliwa hailipi machozi wala hasira. Inahitaji jibu lenye tarehe, namba ya ombi na uthibitisho, kabla ya siku iliyowekwa.

JINA LINAPOFIKIWA

Siku ya kuitwa huleta furaha, na furaha huleta uzembe. Mwenye vocha hupewa angalau siku 60 za kutafuta nyumba. Ofisi inaweza kuongeza muda, lakini yafaa aombe mapema. Mwenye nyumba naye lazima akubali. Sheria ya nchi nzima haimlazimishi mwenye nyumba binafsi kupokea vocha, ingawa majimbo na miji kadhaa imekataza kumkatalia mpangaji kwa sababu hiyo tu. Nyumba ikipatikana hukaguliwa, na isipofikia kipimo cha usalama na afya, mkataba haufungwi mpaka irekebishwe. Amana ya nyumba kwa kawaida ni juu ya mpangaji, kwa hiyo anayengoja aanze kuweka akiba kidogo kidogo tangu siku alipoandikwa.

Anayeitiwa nyumba ya serikali yenyewe hana kutafuta, bali huonyeshwa. Akiikataa bila sababu ya maana, katika ofisi nyingi huweza kurudishwa chini au kuondolewa kabisa. Na aliyekwisha kuingia, awe na vocha au awe katika nyumba ya serikali, ana wajibu wa kutangaza pato lake kila linapopimwa upya na kueleza kila mtu anayehamia kwake. Ndugu aliyekuja kwa wiki mbili akakaa mwaka mzima bila kuandikishwa amekwisha kuwafukuzisha wenyeji wengi.

WANAUSHIRIKA NA ORODHA YAO

Ndugu Wanachama, iko pia njia ambayo wafanyakazi wa New York waliifuata pamoja na serikali, na habari zake zinauhusu ushirika moja kwa moja. Mwaka 1955 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyojulikana kwa majina ya wabunge wake wawili, Mitchell na Lama, ya kukopesha kwa riba nafuu na kupunguza kodi kwa wanaojenga nyumba za watu wa kipato cha kati. Chini ya sheria hiyo, muungano wa vyama vya nyumba ulijenga katika mtaa wa Bronx mji mzima wa ushirika unaoitwa Co-op City. Wakazi wa kwanza waliingia mwaka 1968, ujenzi ukakamilika 1973, na nyumba zake ni 15,372.

Mwanachama alinunua hisa kwa dola 450 kwa kila chumba, kisha akalipa kila mwezi sehemu yake ya gharama. Hakuwa mpangaji, wala hakuwa na ruhusa ya kuiuza nyumba kwa bei ya soko. Alipohama, hisa zake zilirudi kwa ushirika kwa bei iliyowekwa, na aliyemfuata alitoka katika orodha ya kungojea. Kwa njia hiyo unafuu aliopewa mtu wa kwanza haukuishia mfukoni mwake. Ulipita kwa wa pili na wa tatu.

Gharama zilipopanda na malipo ya kila mwezi yakapanda nazo, wanachama waligundua kwamba walikuwa na hisa bila sauti katika uendeshaji. Kuanzia Juni 1975, kwa muda wa miezi 13, familia nyingi za mji ule zilizuia malipo yao, mpaka mwaka 1976 uendeshaji ukakabidhiwa kwa wakazi wenyewe. Ushindi huo haukuondoa deni. Wakazi walijikuta na kalamu mkononi na hesabu ile ile mezani, nao ikawabidi kuyapandisha malipo kwa kura zao wenyewe. Hilo ni fundisho kwa kila anayedhani kwamba kumwondoa kiongozi ni kufuta deni.

Orodha za nyumba za namna hiyo nazo zimejaribiwa na tamaa. Nyumba nafuu inapokuwa na watu maelfu wanaoingoja, nafasi ya mbele huwa na bei. Katika baadhi ya majumba ya mpango ule wapo wasimamizi walioshtakiwa kwa kupokea fedha ili kuwarusha watu juu ya wenzao. Kila aliyerushwa mbele alimsukuma nyuma mtu ambaye hakuwa na habari, akaendelea kungoja akidhani kwamba zamu yake haijafika. Wizi wa namna hiyo ni mgumu kuonekana, kwa sababu fedha ya chama inabaki kamili sandukuni. Kilichoibwa ni miaka ya mtu.

MAFUNZO KWA VYAMA

Methali isemayo kwamba mali bila daftari huisha bila habari inajulikana kwa kila katibu. Orodha nayo ni mali, na mambo yafuatayo yanapaswa kuonekana katika kila chama chenye wanachama wanaongojea kitu.

1. Kanuni itangulie majina. Mkutano mkuu uamue kwanza nani anastahili, nani anatangulia na kwa sababu gani, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu. Kipaumbele kinachobuniwa baada ya majina kuandikwa ni upendeleo, hata kikipewa jina zuri.

2. Kila mwombaji apewe stakabadhi yenye namba, tarehe na saini. Asiye na stakabadhi hana cha kushika siku ya ubishi.

3. Daftari liandikwe kwa wino, kurasa zikiwa na namba, bila kuacha mistari mitupu katikati. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lililokatwa lisomeke, na aliyekata atie saini. Chama kinachotumia kompyuta kichapishe orodha kila mwezi, na mwenyekiti na katibu waitie saini, kwa maana jina katika mashine huweza kuhamishwa bila kuacha alama.

4. Orodha ionekane. Ibandikwe ofisini kwa namba za stakabadhi badala ya habari za siri za mtu, ili kila mmoja ajue amesogea kutoka wapi hadi wapi. Aliyekuwa wa 40 mwezi uliopita na sasa ni wa 43 ana haki ya kuuliza, na katibu ana wajibu wa kujibu.

5. Jina lisifutwe kimyakimya. Taarifa itumwe mara mbili, kwa njia mbili tofauti: barua, na simu au mjumbe wa kijiji. Mwanachama apewe siku zisizopungua 30. Sababu iandikwe katika daftari, na mwanachama aweze kukata rufaa kwenye bodi, kisha kwenye mkutano mkuu. Asiyejua kusoma, mgonjwa na mjane aliyehamia kwa wanawe wafuatwe mpaka wapatikane.

6. Kiongozi asijitangulize. Jina la mjumbe wa bodi, la katibu au la jamaa yake likifikiwa, lisomwe kwa sauti mkutanoni pamoja na tarehe ya kuandikishwa kwake.

7. Faida ya nyumba ya chama isiuzwe na mtu mmoja. Chama cha nyumba kiandike katika masharti yake kwamba mwanachama anayehama atarudishiwa hisa zake kwa kipimo kilichokubaliwa, na nyumba itakwenda kwa anayefuata katika orodha.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika kuvisimamia na kuvikagua vyama. Lakini mkaguzi hufika mara chache, na anapofika hukuta jambo limekwisha kutendeka. Mlinzi wa orodha aliye karibu zaidi ni mwanachama anayeijua namba yake.

Mwanachama naye asijifiche nyuma ya kosa la ofisi. Aliyebadili simu bila kuarifu, aliyehamia shamba jipya bila kuaga, aliyepoteza stakabadhi akanyamaza, amelegeza kamba ya upande wake. Chama kinaweza kumngoja, lakini hakiwezi kumtafuta mahali ambapo hakuna anayejua kwamba yuko.

Ndugu Makatibu, kabla ya mkutano wa mwezi ujao kila chama kitoe orodha yake, kiisome jina kwa jina, na kuhakikisha kwamba kila jina lina anwani inayofanya kazi na kila jina lililokatwa lina sababu iliyoandikwa. Chama kitakachokuta jina lililokatwa bila sababu kimtafute mwenyewe, kimrudishe mahali pake pa zamani, na kimweleze. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya Chama Kikuu wala fedha ya mtu yeyote. Inahitaji siku moja ya katibu, na kwa mtu mmoja itakuwa imeokoa miaka ya kungoja.